Mkono wa Klachi

Taratibu, kama alivyoitwa na wote, alijua pikipiki ina kasoro kabla haijafika mlangoni. Alikuwa amelala chali kitandani, macho darini. Akamsikia mkewe akiingia uchochoroni na gia ya pili, akamsikia akitafuta ya kwanza ili apande kizingiti cha saruji, na badala ya gia kuingia kimyakimya kama ilivyozoea, ikaingia kwa kishindo: ko! Injini ikazimika. Mkewe akaguna, akashuka, akaisukuma mwenyewe hadi ndani.

Chumba cha mbele kilikuwa sebule, kilikuwa chumba cha mgonjwa, na kilikuwa gereji. Tangu lori lilipomvunja Taratibu nyonga, kitanda chake kilihamishiwa hapo, kikasukumwa kwenye kona ya ndani kabisa, kwa sababu upande wa dirishani ulikuwa wa pikipiki. Ingelala nje, wangeamka na kukuta alama za matairi tu.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa kwa Daktari."

Daktari huyo hakuwa wa watu. Alikuwa fundi wa pikipiki, na jina alijipa mwenyewe, akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye kipande cha bati juu ya banda lake.

"Kafanya nini?"

"Klachi. Ilikuwa inateleza, kwenye mwinuko injini inalia tu, haiendi. Kaweka pleti mpya na springi mpya."

"Za kampuni?"

"Za kampuni nizitoe wapi, baba? Kaniwekea hizi za kawaida. Anasema zinafanya kazi ileile."

Taratibu akaigeukia pikipiki. Ile pikipiki aliinunua akiwa kijana mwenye nywele kichwani, na kwa miaka yote aliyoiendesha, hakuna fundi aliyewahi kuifungua injini yeye akiwa hayupo. Leo imefunguliwa, ikatiwa vitu, ikafungwa, naye ameambiwa baada ya kazi kwisha, kama jirani anavyoambiwa.

Mkewe hakuwa na nia mbaya. Miezi ya mwanzo alipofundishwa kuendesha na vijana wa kijiweni alikuwa akimuuliza kila kitu: mnyororo unakazwa kiasi gani, oili inaangaliwa wapi, mbona taa inafifia. Siku moja Taratibu, kwa uchungu wa nyonga na uchungu mwingine usio wa nyonga, akamjibu, "Kamuulize aliyekufundisha." Akageukia ukutani. Tangu hapo mkewe aliuliza watu wengine.

Mwanga wa jioni ulikuwa bado unapita dirishani, ukaangukia ubavu wa injini. Hapo ndipo Taratibu alipoiona kasoro. Pembeni ya injini, pale waya wa klachi unapoishia, kuna kimkono kidogo cha chuma. Ukibana klachi kwenye usukani, waya unakivuta, nacho kinasukuma pleti zilizo ndani ziachane, gia ipate nafasi ya kuingia. Kimkono kile kilikuwa kimelala nyuma kuliko kawaida yake. Daktari alipofunga alikosea jino moja. Kwa hiyo nusu ya kila mvuto ilikuwa inapotea bure, na zile pleti mpya, huenda nene kidogo kuliko za zamani na zimeingizwa kavu bila kulowekwa oili, zilikuwa hazijapata nafasi ya kuachana hata kidogo.

Ilikuwa kazi ya spana moja. Ingemalizika kabla chai haijachemka.

"Acha aone," Taratibu alijisemea moyoni, akafumba macho.

*

Kesho yake mkewe aliona.

Kwenye taa za barabarani pikipiki ilimvuta mbele hata alipobana klachi mpaka vidole vikagusa usukani. Nyutro haikupatikana mpaka azime injini. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili alikanyaga mara mbili, tatu, abiria wakitikiswa mgongoni kama magunia. Mmoja, kijana mwenye suti, alishuka kabla ya kufika akasema atamalizia kwa miguu, ni mazoezi.

Kijiweni wenzake walikusanyika, kila mmoja na elimu yake.

"Oili hiyo, mama. Wamekuwekea ya gari."

"Wala. Waya umechoka."

"Waya gani! Pleti za bei chee zikipata moto zinavimba kama maandazi."

"Nunua glavu tu," alisema mwingine, na wote wakacheka. Akajaribu gia mbele yao, ikagonga: ko! Wakacheka zaidi. Kufikia saa nne alikuwa ameshapata jina jipya. Zamani walimwita Mama Taratibu, kwa heshima ya mumewe. Sasa wakawa wanamwita Mama Ko.

Akairudisha kwa Daktari. Daktari hakuinuka kwenye kigoda chake. Aliibana klachi kwa vidole viwili, akaiachia, akafuta mkono kwenye ovaroli.

"Hii iko sawa."

"Gia haziingii, fundi."

"Zinaingia. Springi ni mpya, ndiyo maana ngumu. Wanaume wanazipenda hivi hivi, zina nguvu." Akamtazama mkono, si usoni. "Sasa mama, mkono wako wewe ulizaliwa kwa sufuria. Huwezi kulaumu chuma. Zoea tu, utakuja kunishukuru."

Mwanamke akaigeuza pikipiki. Kuhusu sufuria angeweza kumjibu, ila la kujibu kuhusu klachi hakuwa nalo, na ndilo lililohitajika pale.

Jua lilikuwa bado kali aliporudi nyumbani. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa havikunjiki. Akachemsha maji, akayatia chumvi, akaleta beseni chumba cha mbele, akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda na kutumbukiza mkono.

Taratibu alimtazama. Ilikuwa muda mrefu hajamwona mkewe mchana. Alikuwa akimwona alfajiri, mgongo wake tu, akihangaika na viatu. Na jioni, uso uliojaa vumbi, ukila haraka na kulala haraka. Mchana ulikuwa wa dari. Aliijua dari ile vizuri: palipovuja, palipozibwa, mahali ambapo mjusi hutokea. Binti yao mmoja aliolewa mbali, hupiga simu Jumapili, anaongea kwa kukimbia. Marafiki wa kijiweni walikuja wiki za mwanzo na matunda, wakakaa ukingoni mwa viti, wakaja mmoja mmoja, kisha hawakuja.

"Mkono vipi?" aliuliza.

"Umechoka tu." Akacheka. "Leo kuna abiria kashuka njiani, kasema anafanya mazoezi. Kavaa suti na viatu vya kung'aa. Mazoezi!"

"Alikuwa mnene?"

"Mwembamba kama fagio!"

Wakacheka wote wawili. Taratibu alishtuka kujisikia akicheka. Nyonga ilimuuma na hakujali. Mkewe akaendelea, akamsimulia ya kijiweni, ya maandazi yanayovimba, ya jina jipya. Hilo la jina alilisema kwa kicheko, ila alilitazama beseni alipokuwa akilisema. Taratibu akaona mvi zimeanza juu ya sikio lake. Zilianza lini? Hakuwa na habari nazo.

Neno lilikuwa limemjia ulimini. Ni kimkono kile, lete spana namba kumi. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kulisema.

"Kesho nikirudi mapema tena," mkewe alisema, akijifuta mkono kwa kanga, "nitakunyoa hizo ndevu. Umekuwa kama mtu wa porini."

Taratibu akaimeza pumzi ile.

*

Na kweli alimnyoa. Alirudi kabla ya adhuhuri, abiria wamemkimbia, akaleta wembe, sabuni na kioo kidogo chenye ufa. Akamwegemeza Taratibu kwenye mito, akamshika kidevu. Alikuwa karibu kiasi kwamba Taratibu alisikia pumzi yake na harufu ya petroli kwenye nguo zake, harufu ambayo zamani ilikuwa yake yeye.

"Usitikisike."

"Sitikisiki. Ni mkono wako unaotetemeka."

"Mkono wa sufuria huu," alisema mkewe. "Unajua Daktari kanambia hivyo? Ati mkono wangu ulizaliwa kwa sufuria."

Wembe ulikuwa shingoni. Taratibu akainua kidevu. Roho ilimsuta, na ilimsuta vizuri. Lakini povu la sabuni lilikuwa la joto, na kiganja cha mkewe kilikuwa kimetulia shavuni pake, na uchochoroni nje ulimwengu ulikuwa unapita bila wao kuuhitaji. Siku moja zaidi, alijiambia. Hakuna atakayekufa kwa siku moja.

Zilipita zaidi ya hiyo moja. Mwanamke alikuwa akitoka alfajiri kumpeleka abiria wake wa kudumu, akijaribu safari nyingine mbili tatu, kisha mkono ukikataa anarudi. Alichambua maharage karibu na kitanda. Alishona vifungo. Alisimulia. Taratibu naye akaanza kusimulia, mambo ya zamani ya barabarani ambayo hakuwahi kumwambia, na mkewe akasema, "Kumbe na wewe una maneno!" Usiku Taratibu alilala usingizi mzito kama mtoto. Asubuhi aliposikia gia ikigonga uchochoroni, ko, alikuwa akihesabu kimoyomoyo muda wa mkewe kurudi.

*

Abiria wa kudumu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanamke mtu mzima ambaye watu wote walimwita Madamu. Enzi zake za uzima Taratibu ndiye aliyekuwa akimpeleka. Alipoumia, Madamu alimwambia mkewe, "Nitapanda na wewe. Nyumba ya Taratibu haiwezi kunipa mtu wa fujo." Kila mwisho wa juma alilipa kwa mkupuo, na malipo hayo ndiyo yaliyokuwa kodi ya nyumba.

Asubuhi ile getini mwa shule kulikuwa na watoto wengi wanavuka. Mwanamke aliwaona kwa mbali. Akapunguza mwendo, akabana klachi mpaka mwisho. Pikipiki haikuachia. Ilizidi kusogea mbele, ikinguruma, kama mbuzi aliyeona majani, na mbele yake kulikuwa na msichana mdogo aliyeinama kufunga kamba ya kiatu. Mwanamke akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Injini ikakohoa ikazimika, gurudumu la mbele likageuka, na yeye na Madamu wakaenda chini, upande, polepole, mbele ya shule nzima.

Msichana wa kiatu hakuguswa. Aliinua kichwa, akaona mwalimu wake mkuu amekaa matopeni, miguu imenyooka mbele, kiatu kimoja kimetoka na sketi imechanika mshono hadi juu ya goti. Waliokuwa wanavuka wakasimama. Kisha mtoto mmoja akacheka, halafu kumi, halafu geti zima. Mwalimu wa zamu akaja mbio na fimbo kuwatawanya, jambo lililofanya walio mbali nao waje kuona kuna nini.

"Madamu, nisamehe. Madamu, umeumia?"

"Sijaumia." Madamu alikubali kushikwa mkono na mwalimu wa zamu, si na yeye. Alifuta tope kwenye mkoba wake kwa kitambaa, polepole, kila pembe. Alipomaliza akasema kwa sauti ya chini, ile ya kumwambia mzazi kwamba mtoto amefeli, "Kesho usije, mama. Wala usijisikie vibaya. Nitatafuta kijana."

"Ni klachi, Madamu, nimebadilisha..."

"Kazi hii ina nguvu zake. Ulijitahidi."

Mwanamke aliisukuma pikipiki hadi nyumbani kwa miguu. Hakutaka hata kuiwasha.

*

Hakuketi karibu na kitanda siku ile. Alipita moja kwa moja jikoni, na Taratibu akasikia maji yakimiminwa kwenye karai, mengi kuliko mahitaji, na chini ya sauti ya maji akasikia sauti nyingine.

"Mama?"

"Nakuja."

Hakuja. Alitoka kwa mlango wa uani, na aliporudi baadaye alikuwa ameosha uso, goti limefungwa kitambaa. Nyuma yake alikuwepo mwanamume mwenye kofia ya kitambaa na funguo nyingi kiunoni. Alikuwa dalali wa pikipiki, Taratibu alimjua kwa sura. Hununua jioni kwa waliokwama asubuhi. Dalali hakutoa salamu. Alizunguka pikipiki, akapiga tairi teke, akabana klachi, akakanyaga gia, akasonya.

"Ilikuwa ya nani hii?"

"Ilikuwa ya mume wangu."

Dalali akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayetoa pole ya msiba. Taratibu alikuwa amelala kwenye giza la kona, hatua chache tu kutoka pale, ameshika shuka. Alimsikia mkewe akisema "ilikuwa" na hakumlaumu. Alijiuliza tu kama ndivyo anavyosema na huko nje.

"Gia ngumu. Injini imekwisha hii, mama. Mimi naichukua ya kuuza vipande." Akataja bei. Ilikuwa bei ya magurudumu mawili na honi.

"Injini haijakwisha!" Sauti ya mwanamke ilipanda ghafla. "Pikipiki hii ni nzima. Mume wangu aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Usiitukane. Ni mimi." Akainua mkono wake wa kushoto, vidole vimevimba vimekataa kunyooka. "Ni mikono yangu mibaya. Fundi ameniambia, Madamu ameniambia, kijiweni wananicheka kila siku. Hiyo pikipiki haina ubaya. Mimi ndiye niliyeshindwa. Basi inunue kama pikipiki nzima."

Taratibu alikuwa amepata alichokuwa anakitaka. Pikipiki ikienda, mkewe atakaa. Atafua nguo za watu uani, atachambua maharage karibu na kitanda, kila siku, mpaka mwisho. Hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji kunyamaza tu, kama alivyonyamaza siku zote hizi.

"Si mikono yake," alisema.

Dalali akageuka, akashtuka kidogo.

"Si mikono yake, bwana. Ni kimkono cha klachi, hicho hapo pembeni ya injini. Kimefungwa jino moja nyuma. Na pikipiki haiuzwi. Nenda salama."

Dalali akamtazama mwanamke. Mwanamke alikuwa hamtazami dalali tena. Basi akajiondokea, funguo zikilia kiunoni.

*

"Unajuaje?" mkewe aliuliza.

"Nimeona."

"Umeona lini?"

Taratibu akakitazama kile kimkono. Angeweza kusema ni sasa hivi, dalali alipoigusa. Mkewe angeamini. Angefurahi hata.

"Jioni ile uliyorudi nayo."

Mwanamke alisimama katikati ya chumba. Taratibu alingoja makelele. Hayakuja. Mkewe aliinama chini ya kitanda akavuta kisanduku cha spana, kilichokuwa na vumbi la miezi, akakiweka sakafuni kwa kishindo. Kisha akaja kitandani, akaingiza mikono yote miwili kwapani mwa mumewe, hata ule wenye uvimbe, akamvuta. Hakumuuliza kama inauma. Iliuma. Wakashuka pamoja, nusu kwa kuvutana nusu kwa kuanguka, mpaka Taratibu akawa amekaa mkekani, mgongo umeegemea kitanda, na mkewe akaisogeza pikipiki mpaka injini ikawa mbele ya pua yake.

"Namba ngapi?"

"Kumi. Legeza kwanza waya pale juu, upate ulegevu. Basi. Sasa hiyo bolti."

"Imekaza."

"Lete." Mikono ya Taratibu ilikuwa haijashika spana tangu ajali. Ilikumbuka. Bolti ikaachia, akakichomoa kimkono kwenye meno yake, akakisogeza mbele jino moja, akakirudisha. "Sasa kaza wewe. Nyonga hainiachi nifike." Mkewe akakaza. "Rudisha waya. Usiunyooshe sana, klachi icheze kidogo mkononi kabla haijashika, unene wa sarafu tu. Hapo. Sasa weka gia ya tatu, injini ikiwa imezimwa, bana klachi, isukume mbele na nyuma."

"Ya nini?"

"Pleti zimegandana. Ziachane."

Alisukuma mbele, akavuta nyuma, mara nyingi, meno ameyauma. Mara ya kwanza gurudumu lilikataa. Kisha kitu ndani kikaachia kwa sauti ndogo kama ya mtu anayebandua karatasi, na pikipiki ikatembea chumbani kirahisi, klachi imebanwa, kama baiskeli.

Akaitoa uani, akapiga kiki. Taratibu alisikiliza akiwa sakafuni. Nyutro. Ya kwanza: tik. Nyutro tena. Ya kwanza, tik. Mkewe alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akazima, na haikusikika hatua yake ikirudi.

Aliporudi aliketi sakafuni upande wa pili wa pikipiki, ikiwa katikati yao.

"Kwa nini?" aliuliza. "Nataka kujua tu. Ulikuwa unanikomoa?"

"Siku ya kwanza, ndiyo. Hukuniuliza, nikasema acha aone."

"Na hizo nyingine?"

Taratibu alizungusha spana mikononi. "Ulikuwa unarudi mapema," alisema.

Alidhani sasa atapiga kelele. Mwanamke alifuta mafuta vidoleni, kimoja kimoja, mpaka mwanga ukaanza kuondoka dirishani.

"Nimeangusha mtu wa watu," alisema mwishowe. "Nusura nimkanyage mtoto. Nimeitwa Mama Ko. Nimeamini kabisa kwamba sifai, baba. Nilikuwa nakuja hapa kukuchekesha ili nisilie."

"Najua. Nisamehe."

"Hujui." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Wewe unafikiri mimi huko nje niko na watu. Nabeba watu kutwa nzima, wote wako mgongoni. Simwoni hata mmoja uso. Wanaongea na simu zao. Wakishuka wananipa pesa wanaangalia pembeni. Jioni nafika hapa, wewe umegeukia ukutani." Akakaza kitambaa cha gotini. "Zile siku nami zilikuwa nzuri kwangu. Ndilo linaloniuma. Ungeniomba nirudi mchana, ningerudi. Ungetumia mdomo tu."

Taratibu akairudisha spana kisandukuni. Mkewe akasimama, akamwinua, akamrudisha kitandani kwa utaratibu zaidi kuliko alivyomshusha, akamfunika. Hakumwambia lala salama.

*

Asubuhi aliamka bado amenuna. Alichemsha chai, akaiweka karibu na mumewe bila neno. Akavaa viatu, akaitoa pikipiki nje. Taratibu alingoja kusikia kiki. Badala yake mkewe akarudi ndani, akatazama ile nafasi tupu ya dirishani, akakitazama kitanda.

"Shika," alisema.

"Nishike wapi?"

"Popote."

Akakisukuma kitanda na mtu wake juu. Miguu ya kitanda ikakwaruza saruji kwa mlio wa kuudhi meno, chai ikamwagika, mto ukaanguka. Alipumzika mara mbili njiani, mikono kiunoni, akitweta, bila kumtazama. Mwishowe kitanda kikagonga ukuta wa dirisha. Akafungua mbawa zote mbili za dirisha hadi mwisho. "Pikipiki itakaa kwenye kona yako," alisema. "Yenyewe haina haja ya kuona nje."

"Unakwenda kwa Madamu?"

"Kumwomba radhi. Kunichukua tena hatanichukua, ana kijana. Nitakwenda kijiweni, nianze upya." Alisita mlangoni, amevaa kofia yake ngumu. "Mchana sijui kama nitarudi. Bado nina hasira na wewe."

"Haya."

"Nikirudi, nitarudi."

Kwa mara ya kwanza Taratibu alimwona anavyoondoka. Mkewe aliketi wima kitini, viwiko karibu na mbavu. Gia ya kwanza, tik, ya pili, ya tatu, bila mshtuko, mpaka kwenye kona ya duka. Hakugeuka nyuma. Vumbi likakaa.

Uchochoro uliamka. Mtu wa kwanza kupita alikuwa mbioni. Wa pili alikuwa na simu sikioni. Watoto watatu wa shule walipita wakigombania kifutio, wakafuatwa na mwanamume anayesukuma mkokoteni wa madumu ya maji. Hakuna aliyetazama dirishani, na kwa nini watazame? Kwa muda wote huo dirisha lilikuwa la pikipiki. Taratibu akalala ubavu, akasogeza uso karibu na nondo. Upande wa pili wa njia, jirani alitoka na beseni la nguo, akaanza kuanika, vibanio vikiwa mdomoni.

Alimjua yule mama tangu walipohamia hapo. Alikohoa.

"Habari za asubuhi, jirani."

Jirani aligeuka kulia, akageuka kushoto, shati bichi mkononi, akatafuta sauti inatoka wapi. Akamwona. Akatoa vibanio mdomoni.

"He! Baba! Kumbe upo?"

"Nipo," alisema Taratibu.